Mimea ya Tangi la Samaki: Jinsi ya Kuinunua, Kuiuza na Kuitupa Bila Kuliponza Ziwa

Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa mapambo na mabwawa ya bustani haina madhara ikibaki humo humo. Huwapa samaki kivuli na maficho, hunyonya taka zao na kupendezesha sebule. Lakini iko michache ambayo sifa zinazoifanya ipendwe na wafugaji ndizo zinazoifanya iwe balaa ikitoka nje: hukua upesi, haitaki matunzo, na kipande kikikatika huota kuwa mmea mwingine. Mmea wa namna hiyo ukiponyoka ukaingia mtoni, hakuna anayeuita pambo tena.

Sisi wa ukanda wa Maziwa Makuu hatuhitaji kuhadithiwa. Asili ya gugu maji ni bonde la Amazon, na lilizunguka dunia mikononi mwa watu waliopenda ua lake la zambarau. Nchini Tanzania lilionekana katika mito ya Sigi na Pangani katika miaka ya 1950. Katika Ziwa Victoria lilijitokeza mwishoni mwa miaka ya 1980, Mto Kagera ukiwa njia yake kuu, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limetanda kwenye takriban hekta 20,000. Mitumbwi ilikwama Kisumu na Homa Bay, mitambo ya umeme ya Jinja ikazongwa, na konokono wanaoeneza kichocho wakapata makao mapya. Fukusi wanaolila gugu hilo waliachiliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997, wakalipunguza sana, lakini halikuisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ikawa zamu ya mmea mwingine, salvinia, uliojazana kwenye maji ya Kigongo na Busisi mkoani Mwanza na kutatiza vivuko.

Mmea vamizi huzuilika kwa gharama ndogo mahali pawili tu: dukani unaponunuliwa na nyumbani unapotupwa. Ukishavuka hapo, kazi inakuwa ya taifa zima na ya miaka mingi. Kwa mfano, mwaka 2000 mwani wa matangi ya maji chumvi uitwao kaulapa, Caulerpa taxifolia, uligunduliwa katika wangwa mmoja wa California, Marekani. Waliufunika kwa maturubai, wakaingiza klorini chini yake, na mwaka 2006 wakatangaza kuwa umekwisha. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya dola milioni 7, na ilifaulu kwa sababu mwani ulionekana mapema katika eneo dogo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Hakuna turubai la kulifunika.

Hizi ndizo mbinu za kufuata, uwe mfugaji wa samaki wa mapambo, mwenye bwawa la bustani au mwenye duka.

Ijue mimea yenyewe

Kwanza jifunze kuitambua kwa macho, maana majina ya dukani hubadilika toka mji mmoja hadi mwingine.

Gugu maji (Pontederia crassipes) huelea. Majani yake ni ya mviringo na hung'aa, vikonyo vimevimba kwa hewa, mizizi ni myeusi yenye manyoya, na ua ni la zambarau lenye doa la njano. Katika joto na maji yenye mbolea linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Mbegu zake hulala kwenye matope miaka mingi na bado zikaota.

Salvinia (Salvinia molesta) nayo huelea, ila ni ndogo. Majani yana vinyweleo vinavyofanya matone ya maji yateleze. Mimea ikiwa michache majani hulala juu ya maji. Ikibanana husimama na kujikunja. Haizai mbegu, na hilo huwafanya wengi waione kuwa salama. Hawajui kwamba kila kipande chenye chipukizi ni mmea kamili. Bwawa la Kariba lilipoanza kujaa, salvinia ilionekana mwaka 1959. Kufikia mwaka 1962 ilikuwa imefunika kilomita za mraba zipatazo 1,000.

Pistia (Pistia stratiotes) ina majani laini yaliyopangwa kwa duara, umbo la kabichi ndogo iliyofunguka. Huzaa watoto kwa vikamba vinavyotambaa juu ya maji. Azola ni ndogo zaidi, na kwenye jua kali hugeuka nyekundu.

Chini ya maji, chunga mitatu. Hidrila (Hydrilla verticillata) ina shina jembamba na majani yaliyozunguka kila kifundo, yenye meno kwenye kingo. Huficha viazi vidogo mchangani, hivyo kung'oa shina hakutoshi. Kabomba ina majani yaliyochanika nyuzi nyuzi yakatanuka kama feni. Miriofilamu ya Amerika ya Kusini (Myriophyllum aquaticum) ina majani ya manyoya yanayochomoza juu ya maji, na huenea kwa vipande tu.

Andika majina haya ya kisayansi kwenye simu yako. Zingatia pia kuwa gugu maji liliitwa Eichhornia crassipes kwa miaka mingi, na nyaraka nyingi za sheria bado zinatumia jina hilo. Mmea ni ule ule.

Jua sheria inataka nini

Watu wengi hudhani katazo la kuuza mimea hii ni jambo la Ulaya peke yake. Kweli Ulaya wamekwenda mbali. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa mimea mitano ya majini kuanzia Aprili 2014, ukiwemo mmoja uitwao Hydrocotyle ranunculoides unaoweza kurefuka hadi sentimita 20 kwa siku. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 1143 ya mwaka 2014. Mmea ukiingizwa kwenye orodha yake ni marufuku kuuingiza, kuufuga, kuusafirisha, kuuuza, hata kumpa rafiki bure. Gugu maji na kabomba vimo tangu orodha ya kwanza ya mwaka 2016, na salvinia iliongezwa mwaka 2019. Nchini Marekani, salvinia na hidrila zimo kwenye orodha ya magugu hatari ya serikali kuu, na haziruhusiwi kuingizwa wala kuvushwa toka jimbo hadi jimbo bila kibali. Ndugu zetu mnaoishi huko na kufuga samaki, hili linawahusu moja kwa moja: kifurushi cha posta hakisameheki kwa kuwa ni kidogo.

Kwetu mlango wa kwanza ni kibali cha kuingiza mimea. Kenya msimamizi ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Anayeagiza huomba kibali kabla mmea haujaondoka ulikotoka, na mzigo huja na cheti cha afya ya mimea kilichotolewa na nchi inayouuza. Mimea michache iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la nguo nayo inahitaji kibali. Kenya ina pia Sheria ya Kudhibiti Magugu, Sura ya 325, inayompa waziri uwezo wa kutangaza mmea kuwa gugu na kumlazimu mwenye ardhi auondoe.

Hata hivyo, usiitegemee orodha peke yake. Hidrila iliingia Florida mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupitia biashara ya matangi. Sheria ya Marekani ya magugu hatari ilipitishwa mwaka 1974. Kwa miaka hiyo yote muuzaji wa hidrila hakuvunja sheria hiyo, na mifereji ikaendelea kujaa. Mmea kutokuwa kwenye orodha hakumaanishi kuwa ni salama. Huenda zamu yake bado haijafika.

Wala usidhani hatari hutoka ng'ambo tu. Lagarosifoni (Lagarosiphon major) ni mmea wa kusini mwa Afrika, na huko kwao hauna sifa mbaya. Ulipopelekwa New Zealand ukawa kero ya maziwa, na mwaka 2005 ulipatikana ukiota katika ziwa Lough Corrib nchini Ireland. Kwa hiyo usimtumie mtu mimea ya mito yetu kama zawadi.

Unapokwenda kununua

Muulize muuzaji maswali matatu kabla ya bei. "Kaka, jina la kisayansi la mmea huu ni lipi? Umetoka wapi? Nikiukata, vipande vinaota?" Muuzaji anayeijua kazi yake atajibu bila kusita. Akikuambia hajui, piga picha, nenda nyumbani ukalinganishe, urudi kesho. Mmea hautakukimbia.

Jihadhari na sifa zinazotangazwa kama faida: "unajaza tangi kwa wiki moja", "haufi hata ukiusahau". Kwa mnunuzi mgeni hayo ni maneno matamu. Wewe yachukue kuwa onyo.

Mimea inayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za mitandao huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mara nyingi imechotwa tu mahali. Usinunue mmea uliochotwa ziwani, na wala usiende kuuchota mwenyewe. Hata kama ni wa asili ya hapa, huja na konokono, mayai na vipande vya mimea mingine.

Chagua mimea inayokua polepole. Anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, hufungwa tu kwenye jiwe au kipande cha gogo, huvumilia mwanga mdogo, na hutoa jani moja moja kwa muda mrefu. Kriptokorine ya Sri Lanka (Cryptocoryne wendtii) ni nzuri kwa tangi dogo. Kwa bwawa la nje, yungiyungi la bluu la Afrika (Nymphaea nouchali) huota kwenye chungu chenye udongo na kubaki ndani ya chungu hicho. Kama ulitaka mimea inayoelea ili ipunguze uchafu majini, punguza chakula na idadi ya samaki, na ubadilishe sehemu ya maji kila wiki. Maji yatatulia.

Ukifika nyumbani, usiuweke moja kwa moja

Mmea huja na wageni. Mwaka 2021 nchini Marekani kome wadogo wavamizi walikutwa wamejificha ndani ya matufe ya mwani yaliyokuwa yakiuzwa kwenye maduka ya wanyama, na maduka yakalazimika kuyaondoa rafuni nchi nzima. Huku kwetu konokono wa Amerika ya Kusini, Pomacea canaliculata, aligunduliwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, na sasa wakulima wanapambana naye kwa kuwa hukata miche michanga. Konokono wa jamii hiyo wamesambaa katika nchi nyingi kwa kufugwa kama chakula na kama pambo la matangi. Mayai yao ni ya waridi, yamebanana kishada, na hutagwa juu ya usawa wa maji, kwenye shina au ukuta.

Fanya hivi. Toa mmea kwenye mfuko ndani ya beseni, usiumimine pamoja na maji yake. Suuza kila jani, ukiangalia upande wa chini na penye maungio ya shina. Ondoa kila yai, kila konokono na kila kijani kisichohusika, hata kile kinachoonekana kama punje tu. Kisha uweke mmea kwenye ndoo yenye maji safi, penye mwanga, peke yake bila samaki, kwa wiki tatu au nne. Kagua mara kwa mara na ubadilishe maji. Mayai yakianguliwa, yataangulikia kwenye ndoo na si kwenye tangi. Maji ya ndoo yachuje kwa kitambaa kizito, uyamwage kwenye udongo mkavu ulio mbali na mtaro. Kilichobaki kwenye kitambaa kikaushwe juani na kuchomwa.

Bwawa la nje lina hatari yake

Tangi la sebuleni lina kuta. Bwawa la bustani lina masika. Mvua kubwa ikinyesha, bwawa hufurika na mimea inayoelea huwa ya kwanza kuondoka. Lijenge juu zaidi ya usawa wa uwanja, inua kingo zake, na kwenye bomba la kutolea maji ya ziada weka wavu wa matundu madogo unaosafishwa kila baada ya mvua. Kama nyumba yako iko bondeni au kando ya mto, usiweke mmea wowote unaoelea. Ndege na mbwa nao hubeba vipande miguuni na kwenye manyoya.

Fuata mkondo wa mtaro wako ujue unaishia wapi. Mwanza, Mto Mirongo unapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Victoria. Kampala, mfereji wa Nakivubo unaelekea ziwa hilo hilo. Maji ya Nairobi hushuka hadi Mto Athi, na hatimaye hufika bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kipande kilichotupwa kwenye karo kina safari ndefu na maji ya kutosha njiani.

Namna ya kutupa

Hapa ndipo watu wema wengi hukosea, kwa huruma. Samaki wamekufa, au familia inahama, na mwenye tangi anaona vibaya kuua mmea ulio hai. Anaupeleka mtoni "ukaendelee na maisha yake". Huruma hiyo huwaumiza wavuvi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kanuni ni moja: mmea wa tangi usitoke nyumbani ukiwa hai.

Utoe majini na kuutandaza kwenye sakafu ya saruji penye jua kali, mbali na mtaro, juu ya gunia au turubai ili vipande visipeperuke. Ugeuze kila siku hadi uwe mkavu kiasi cha kuvunjika mkononi. Kisha uuchome, au uufukie shimoni mahali pasipopitwa na maji. Wakati wa mvua, uchemshe kwenye sufuria kuukuu, au uuweke kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuufukia. Gugu maji likatwe maua kabla hayajatoa mbegu, kwa sababu mbegu huvumilia ukavu kuliko majani. Kwa sababu hiyo pia, lenye mbegu usiliweke kwenye mboji.

Kama ulikuwa na hidrila, chekecha mchanga wa tangi utoe viazi vyake, kisha uchemshe mchanga huo. Kichujio, nyavu, mawe na mapambo yasuguliwe na kuanikwa hadi yakauke kabisa kabla ya kumpa mtu mwingine. Usitupe chochote chooni wala kwenye sinki. Na samaki walio hai warudishe dukani au umpe mfugaji mwenzako; nao hawaruhusiwi kwenda mtoni.

Neno kwa wenye maduka

Muuzaji mmoja anaweza kuzuia madhara kuliko matangazo mia. Andika jina la kisayansi kwenye kila chombo. Tenga chumba au kona ya kukagua mimea mipya kabla ya kuipanga. Hifadhi risiti na nakala za vibali, ili mkaguzi akija, au tatizo likitokea, ijulikane mzigo ulitoka wapi. Ondoa kabisa gugu maji na salvinia kwenye bidhaa zako, hata kama wateja wanaziulizia na hata kama jirani anaziuza. Maji ya matangi ya duka yachujwe kabla hayajamwagwa.

Zaidi ya yote, pokea mimea na samaki wasiotakiwa tena. Mwambie mteja siku anaponunua: "Ukichoka nao, niletee." Ahadi hiyo haina gharama kubwa, na mteja anayerudisha mara nyingi huondoka na kitu kingine.

Ukiuona mahali ambapo haukuwapo

Ukiukuta mmea wa aina hii kwenye bwawa, mfereji au ghuba ambako haukuwa ukionekana, usiung'oe ovyo na kuutupa pembeni, maana vipande vitasambaa. Piga picha za karibu za jani, mzizi na ua, weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu, kisha mjulishe ofisa kilimo wa kata, ofisi ya mazingira, au viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, kwenye mwalo. Wakati mmea umefunika eneo la mkeka mmoja, watu kumi wenye ndoo wanaweza kuumaliza kwa asubuhi moja. Ukisubiri msimu mmoja, watahitajika watu wa kijiji kizima.

Msomaji, kufuga samaki wa mapambo ni kazi nzuri na burudani safi, na hakuna sababu ya kuiacha. Kinachotakiwa ni kuuliza jina, kukagua majani, na kukausha unachotupa. Anza leo: nenda katazame kinachoelea kwenye tangi au bwawa lako. Ukikuta gugu maji au salvinia, utoe mmea huo majini na kuuanika juani kabla wiki haijaisha, na umwambie na mwenzako unayebadilishana naye mimea afanye vivyo hivyo.